Jibu Lililochelewa Miaka Tisa

Katika shule ile ya wasioona, jina lake halisi lilibaki kwenye faili la ofisi tu. Wanafunzi walimwita Mama Bisibisi, nao hawakukosea, maana bisibisi yake ndogo haikumtoka mfukoni hata siku za mahafali. Alikuwa ameajiriwa kufua mashuka. Lakini dada yake mkubwa, ambaye hakuona tangu kuzaliwa, alikuwa mwalimu palepale, na siku moja alimpelekea mashine yake ya kuandikia nukta nundu, imekwama kabisa.

"Mdogo wangu, wewe utotoni ulifungua redio ya baba mpaka ukachapwa. Hebu nifungulie na hii, hakuna wa kukuchapa."

Aliifungua, ikapona. Mashuka yakatafutiwa mfuaji mwingine, naye akapewa chumba kando ya stoo, meza moja na dirisha moja. Humo alikaa miaka ishirini akizitibu mashine, na hakuna iliyomshinda, mpaka mwaka ilipoanza taabu ya nukta ya nne.

Mashine yenyewe ina vitufe sita, kila kimoja na nukta yake. Ukibonyeza, kijiti kinapanda na kuacha kinundu kwenye karatasi nzito, msomaji anapitisha kidole. Sasa mashine tatu zilianza kuiruka nukta ya nne, na nukta hiyo ikikosekana, herufi m inageuka k. Binti mmoja wa darasa la saba aliandika "mama", jirani yake akagusa, akasoma "kaka". Darasa zima lilivunjika mbavu.

Kwenye mtihani wa majaribio hakuna aliyecheka. Binti yuleyule alirudishiwa karatasi imejaa makosa.

"Mwalimu, mimi niliandika sawa!" alilia. "Mashine ndiyo imesema uongo!"

Mwalimu, yule dada mtu, alimpa mtihani upya kwenye mashine nzima. Lakini hofu ilikuwa imeshamwingia. Kila alipoandika herufi aliipapasa kwa kidole kuhakikisha, na muda ukaisha yuko katikati. Mama Bisibisi alimwona akitoka darasani kichwa chini, akarudi chumbani kwake akiwa na hasira ya kung'ata chuma.

Alibadilisha springi. Mashine ikaandika vizuri siku tatu, siku ya nne ikarudi kulekule. Akabadilisha tena, ikawa yaleyale. Ndipo akaingia kwenye jukwaa la mafundi mtandaoni, akatafuta, akakuta mada ya miaka tisa nyuma. Mtu alikuwa ameeleza ugonjwa uleule, neno kwa neno. Mafundi wanne walimjibu abadilishe springi. Chini kabisa muulizaji aliandika mara ya mwisho: "Nimebadilisha, imerudia baada ya siku tatu. Watoto wana mtihani mwezi ujao. Kuna mwenye dawa?"

Baada ya hapo, kimya. Miaka tisa hakuna aliyemwambia hata pole.

Mama Bisibisi aliisoma sentensi ile mara nyingi. Kisha akaivua mashine mpaka ikabaki mifupa. Wiki sita alipima chuma kimoja kimoja, na mwisho akamkamata mwizi: kichuma kilichounganisha kitufe na kijiti kilikuwa kimepinda, upana wa unywele tu. Springi mpya ilikuwa na nguvu ya kuuficha ubovu kwa siku chache, basi. Na kilichokipinda ni watu kuibeba mashine kwa kuishika kwenye vitufe. Alikinyoosha kwa koleo, akaandika kurasa kumi bila kosa, akafanya vivyo hivyo kwa zile mbili nyingine.

Kisha akakaa chini kumjibu yule mtu. Alieleza kila hatua, akaweka picha saba, akamalizia: "Samahani kwa kuchelewa. Ndiyo kwanza nimekukuta."

Asubuhi yake jibu halikuwepo. Mada ilikuwa imefungwa, na yeye kaachiwa onyo: "Ni marufuku kujibu mada iliyokaa kimya zaidi ya miezi sita. Tusifukue makaburi."

"Makaburi?" alisema peke yake, kwa sauti iliyomfikia mpishi uani. Akameza hasira, akafungua mada mpya, akaliweka jibu humo. Saa mbili hazikupita, nayo ikafungwa. "Mada hii ipo tayari. Tafuta kabla ya kuandika." Na chini yake wamemwelekeza kwenye ileile ya zamani, ileile waliyoifunga!

Namba ya msimamizi ilikuwepo ukurasani. Akapiga.

"Ndugu msimamizi, mnanielekeza kwenye mlango mliokwisha kuufunga. Nipitie dirishani?"

"Mama, sheria ni sheria," alijibu mwanamume mwenye sauti ya kuchoka. "Mada za zamani ndiko wanakojificha wauza dawa za uongo. Na kuna fundi alifuata ushauri wa zamani, akaungua mkono. Lawama zote zilitushukia sisi."

"Pole yake. Basi wafukuzeni hao wauzaji, na ushauri mbovu uandikeni kuwa mbovu. Mimi nimeuza nini?"

"Hujauza kitu. Lakini aliyeuliza ameshaondoka, mama."

"Ameondoka yeye. Ubovu haujaondoka! Kila mwenye mashine hii akitafuta, anafikia pale pale, anaambiwa abadilishe springi. Uongo mmeuacha usomeke, ukweli mmeutupa!"

"Nitalifikisha kwenye kikao."

"Kikao cha lini?"

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Alibakiwa na njia moja, kumtumia ujumbe wa faragha muulizaji mwenyewe. Hakutegemea kitu. Siku ya kumi na moja jibu likaja. Mtu yule alikuwa mwalimu aliyekwisha kustaafu.

"Ahsante sana, dada yangu. Nimesoma nikashindwa kukaa. Mashine zetu saba zilikuwa na ugonjwa huo. Tulingoja mwaka mzima, kisha uongozi ukaziuza kama vyuma chakavu. Watoto wakarudi kutoboa karatasi kwa mkono, nukta moja moja, na wengine wakakata tamaa. Kumbe ni kunyoosha tu."

Mama Bisibisi alimsomea dada yake ujumbe ule. Alipofika kwenye vyuma chakavu, akaacha kusoma.

"Saba, dada. Kwa kitu cha koleo na dakika kumi!"

"Hao wa jukwaa hawakujua wakati ule," dada alisema taratibu.

"Wakati ule hawakujua. Sasa wanajua, na wamefuta!"

Mama Bisibisi aliunakili ujumbe wote, akaupeleka kwa msimamizi, bila salamu wala heshima za mwanzo. Akaandika chini: "Kasome hii kwenye kikao chenu. Isome kwa sauti."

Wiki iliyofuata jibu lake lilirudishwa, picha zote saba zikiwa mahali pake. Lakini mada ilibaki imefungwa. Mtu aweza kusoma, asiulize, asisahihishe, wala asiseme kuwa kwake imekubali. Na sheria ya miezi sita wameiandika juu ya ukurasa kwa herufi kubwa zaidi.

"Angalau umeshinda nusu," dada yake alimwambia wakinywa chai.

"Sijashinda," alijibu, akaweka kikombe chini kwa kishindo. "Kesho atatokea mwingine na ubovu wa nukta ya tano, ataukuta mlango umefungwa, naye ataondoka. Usinipongeze, dada. Bado nina hasira."

Akavuta karatasi nzito, akaandika kwa nukta nundu tangazo la kubandika kila mlango wa darasa: mashine ibebwe kwa kishikio chake, na atakayeishika kwenye vitufe akutane na Mama Bisibisi.