Siku Tuliyoikimbilia Ndege

Asubuhi hiyo, pale Luofu, kwetu Lubero, tulikuwa shambani tunang'oa maharage: mimi, mama, na mume wangu, mwalimu wa fizikia aliyeletwa na serikali kutoka Kasai. Mama alimpenda mkwe wake lakini hakumwacha apumue. Alikuwa amesikia kwamba anaangusha maparachichi kutoka kwenye pikipiki inayokimbia, ili wanafunzi waone kuwa tunda haliangukii pale lilipoachiwa. Huendelea mbele pamoja na pikipiki.

"Prof, avoka ni ya kula," alimwambia. "Kama hauna njaa, unileteaka mimi."

Tulikuwa bado tunacheka wakati ndege ya vita ilipotokea upande wa kusini, ikishuka.

Sisi watu wa Lubero tunajua kukimbia. Mama ndiye aliyenifundisha tangu utoto: sauti ya bunduki unaipa mgongo, unaelekea parokia. Bondeni kote watu walifanya hivyo. Mama naye alijitwika kikapu, kamba kwenye paji la uso, akaanza kushuka.

Mume wangu alitazama moshi wa magugu tuliyokuwa tunachoma. Upepo ulikuwa unaulaza kuelekea njia ya parokia.

"Mama, hapana kwenda kule," alisema. "Bombe itafuata mwendo wa ndege, na upepo utaisukuma kwa ile njia. Tuende mbele ya ndege, tupande kilima."

"Kukimbilia ndege? Mwana wangu, hiyo ni mambo ya masomo. Sisi vita ilishatufundisha."

Akanishika mkono. Mume wangu akanishika wa pili.

Nilijinasua kwa mama.

Tulipanda tukiitazama ndege usoni. Kitu cheusi kilichomoka tumboni mwake kabla haijatufikia, kikapita juu yetu, upepo ukikisukuma kando.

Ardhi iliruka.

Njia ya parokia ilijaa vumbi, damu na vipande vya watu. Mama tulimtambua kwa ile kamba, bado iko kwenye paji lake. Chini ya shingo hapakuwa na kitu kizima cha kuzika.

Sasa tunaishi Butembo. Dada yangu, aliyeolewa Beni, hajanisamehe. "Ulimuacha mama akimbie yeye peke yake," husema. Namwambia ningemfuata tungezikwa wawili, naye anajua ni kweli. Uhai huu nimepewa na mume wangu, na ninamshukuru. Lakini mama alishuka kile kilima akiwa na neno langu moja la mwisho masikioni, nalo lilikuwa: "Uniachie."