Gari Lililolala Miaka Tisa

Fundi alipolivua turubai gari la dada yake, alilizunguka mara mbili. Rangi bado ilipendeza, ila tairi zilikuwa chapati. Lakini tairi hununuliwa. Kilichomtoa jasho ni injini.

Shemeji yake, mume wa dada, alipofariki, fundi ndiye aliyelilaza gari lile. Alimwahidi dada kwamba atatia mafuta katika kila tundu la plagi, pistoni zisije zikashikana kwa kutu. Alikuwa ndiyo kwanza amezifungua plagi zote nne, mara akaitwa: mkewe ameshikwa na uchungu. Akatoka mkuku. Kesho yake alikuta plagi zimefungwa, akajidanganya kwamba alimaliza kazi. Kumbe roho ilikuwa inamsuta, na kuuliza aliona haya.

"Betri si umeleta? Washa basi," dada alisema, kanda ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Injini iliyolala haiamshwi kwa makofi, dada. Kwanza niizungushe kwa mkono."

"Haya, ibembeleze. Mkeo mwenyewe humbembelezi hivyo."

 Fundi alifungua plagi, akatia spana kwenye nati kubwa ya mbele ya injini, akafumba macho, akasukuma. Injini ikazunguka. Laini, kama mlango uliozoea kufunguliwa, pumzi ikitoka vitunduni. Akachovya waya humo. Ukatoka umelowa mafuta mepesi, meupe. Hayakuwa ya gereji.

"Dada, haya mafuta yametoka wapi?"

"Kwenye cherehani yangu. Uliacha vitundu wazi kama midomo ya vifaranga, nami nikavilisha. Na kila mwaka nimefungua plagi kwa spana ya marehemu, nikavilisha tena."

"Miaka tisa umeninyamazia!"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, mdogo wangu. Una kichwa kigumu kuliko hiyo nati."

Fundi akaketi chini pu! "Nilikosa, dada. Nilijua tangu siku ile."

"Siku ile ulikuwa unapata mtoto. Ningekuona punguani kama ungebaki na plagi. Inuka."

Fundi alimwaga mafuta ya zamani na petroli iliyochacha, akatia mpya, akajaza tairi upepo, akafunga betri. Injini ilikohoa mara tatu, ikatapika moshi mpaka majirani wakafunga madirisha, kisha ikatulia ikanguruma.

"Breki je?" dada aliuliza.

"Nimezikagua nilipokuwa najaza tairi. Hizo sikusahau."

Dada akashika usukani, fundi akaketi ubavuni. Hawajafika hata kona ya kwanza, fundi, aliyekesha usiku kucha akiiwaza injini, alikuwa anakoroma.