Gari Lililopiga Magoti Bahi

Miaka ile ya ruksa kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, isipokuwa akili kichwani mwangu. Shule niliiachia kidato cha pili, au tuseme yenyewe ndiyo iliniacha, nikaangukia kwenye gereji moja pale Chang'ombe. Hapo ndipo nilipolipata lile gari: jekundu, la michezo, viti viwili tu, la kizamani kuliko mimi. Mzungu mmoja mpima madini alilitelekeza baada ya injini kufa, bosi akachoka kulizunguka, akaniambia nilichukue. Injini nikaifufua.

Shida ilikuwa pua. Kwenye mabanda ya video nilikuwa nimeona magari ya aina ile yameinama mbele kama yananusa lami. Langu pua juu, kama mbuzi anayekula majani ya mti. Na nilikuwa na haraka, maana kulikuwa na binti wa Bahi niliyempenda mpaka nasahau kula, na bosi, ambaye nilimwomba awe mshenga wangu, alikuwa anakwenda kwa baba wa binti kupeleka posa.

Bosi akaniambia, "Kata springi za mbele mzunguko mmoja. Kwa msumeno. Ukitumia gesi chuma kinalegea."

"Msumeno ni wa wazee, bosi."

"Haya, kijana. Sanda utachagua mwenyewe."

Nikakata kwa gesi. Mizunguko miwili, ili nisirudie kazi. Niliposhusha jeki gari likashuka, likaendelea kushuka, mpaka tairi zikajificha ndani ya madigadi. Mafundi wenzangu wakaja kuangalia.

"Limefiwa?" mmoja akauliza.

Mimi nililiona zuri mno, nikatamani kulilia.

Sasa, kwa desturi mwenye kuoa haendi. Anakaa kwake, anakunywa maji, anasubiri majibu. Nililijua hilo. Lakini wakwe wangelionaje gari kama limebaki Chang'ombe? Nikamwambia bosi nitamwendesha mimi, nitabaki ndani ya gari, sitafungua mdomo.

Njia nzima tulisikia tairi zinakwaruza bati. Bosi ameshika dashibodi kwa mikono miwili. "Tunaenda kwa magurudumu au tunaenda kwa tumbo?" Karibu kabisa na boma la wakwe jiwe likatoboa sampo, bakuli la oili chini ya injini, oili yote ikanywewa na mchanga, na injini ikakata roho pale pale, watu wanaangalia.

Baba wa binti akaja na maksai wake wawili wa kulimia. Akafunga kamba, tukavutwa mpaka uani, mimi nimeshika usukani kwa suti ya mtumba na tai, kama waziri anayekwenda kufungua kisima. Nikasema shikamoo, bosi akanikanyaga mguu. Mzee hakuitikia. Kwa desturi mimi sikuwepo.

Akalizunguka gari, akachuchumaa mbele.

"Mnyama wenu anaumwa nini miguu ya mbele?"

"Amekatwa, mzee," bosi akasema.

"Na nani?"

Nilimwangalia bosi. Angeweza kusema lilizaliwa hivyo. Lakini kabila lake na la wale watu ni watani, na kwa watani kumwonea mtu huruma ni kama kumtukana.

"Na huyu mwenye kuposa. Kwa moto."

"Mnyama alikuwa anapiga watu mateke?"

"Hapana. Ili apendeze."

Watu walicheka, bibi mmoja akakaa chini kabisa. Mzee akangoja watulie.

"Ng'ombe akitaka kulala hutanguliza magoti ya mbele. Mwaka wa njaa akilala hivyo mlangoni kwako, hutafuti kamba ya kumnyanyua. Unatafuta kisu." Akanitazama mimi nisiyekuwepo. "Binti yangu ni mrefu. Akiacha kukupendeza, utamkata wapi?"

Nilikuwa na jibu zuri sana. Mpaka leo ninalo. Siruhusiwi kusema.

Binti akatoka nje. Akaliona gari, akaniona mimi, akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Moyo wangu ukasema, masikini, analia. Kanga ikateleza. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

Bosi akakaribishwa ndani kula. Mimi nikabaki kwenye jua, nasikia vijiko. Akatoka anajifuta mdomo.

"Wamekataa," akasema. "Lakini mlenda wao, bwana, sijawahi kula mlenda kama ule."

Maksai wakatuvuta tena mpaka barabara kuu, kijiji kizima nyuma yetu kama mazishi ya mtu aliyechukiwa. Binti akaja kuolewa na bwana shamba mwenye gari refu kwenda juu, la kupanda kwa kujivuta. Langu lilikuja kufia nyuma ya gereji. Kuku wa jirani walitaga chini yake miaka mingi, upande wa nyuma tu. Mbele hawakupenya.