Shimo la Mikokoni Mida

Kadzo ni mchimbaji wa chambo. Maji yakipwa, hushuka kwenye tope la mikoko ya Mida na jembe lake la mpini mfupi, akatafuta minyoo wa kuwauzia wavuvi wa mshipi. Macho hayahitaji; vidole vyamtosha. Huyu mwenye pingili mwili mzima na vinyweleo vigumu ubavuni ndiye anayetakiwa. Yule mnene hana pingili hata moja, na akiguswa huuvuta mdomo wake ndani kama soksi inayogeuzwa. Yule bapa kama utepe hukatika kabla hujamnyanyua.

Wachimbaji wana sharti moja: ukimaliza, fukia shimo lako. Usipofukia, minyoo waliobaki hufa kwa jua, na mtu aweza kuzama mguu.

Mwaka jana, siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, Kadzo aliyakimbia maji asifukie shimo lake. Nyuma yake alikuwa Gladys, mwenzake wa kazi kwa miaka kumi na minne. Alipatikana kesho yake amekufa maji, mguu ungali shimoni hadi gotini. Watu wakasema ni bahari. Kadzo naye akasema ni bahari.

Tangu hapo shimo lile halizibiki. Hulijaza, akalikanyaga, akalipigapiga kwa jembe. Akirudi hulikuta wazi, kingo kama zimekatwa sasa hivi, minyoo tele ndani. Hathubutu kuwagusa.

Leo Trizah, bintiye Gladys, amekuja kujifunza kazi ya mamake.

"Mama Kadzo, mbona hapa hatuchimbi? Tazama walivyojaa!"

"Njoo huku."

"Aa, wanificha hazina!" Trizah akacheka, akapiga jembe. Mnyoo akakatika; kipande chenye kichwa kikajizamisha topeni. "Maskini, nimemuua."

"Hajafa. Mkia utaota. Akatwaye kichwa ndiye asiyerudi."

Trizah akaegemea jembe lake. Kisha, bila kumtazama, "Ndipo hapa, sivyo?"

"Ndipo."

"Nani aliliacha wazi?"

Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakinong'ona mizizini. Kadzo akahisi tope likimshika kifundo.

"Ni langu, mwanangu. Mimi sikufukia."

Trizah hakulia wala hakutukana. Alipiga magoti, akaanza kusukuma tope kwa viganja. Kadzo naye akapiga magoti. Wakafukia hadi maji yakawafika kiunoni, na chini ya mikono yao tope likazidi kupanda na kushuka, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Sukuma, mama," Trizah alisema. "Bado liko wazi."