Jukwaa letu liliuzwa, na siri ya Evarist ikatoka na jina lake kamili

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, nimechangia mara chache sana. Leo naandika jambo lililonitokea mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Majina tu nimebadilisha, na mkisoma mtaelewa kwa nini.

Ni mwanamke, naishi Nyakanazi, Biharamulo. Nina stationery karibu na stendi. Natoa kopi, napiga passport, najazia watu fomu za mtandaoni.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa moderator wa jukwaa moja dogo la watu wa Ngara na Biharamulo. Halikufika hata robo ya hili. Watu walijadili migomba, kahawa, kutafutana ndugu. Mimi nilisimamia upande wa Familia na Malezi. Ilikuwa kazi ya kujitolea na niliipenda.

Wakati wa kujisajili ulijaza jina lako halisi, ila hilo alikuwa analiona admin peke yake. Sisi wengine tuliona ID tu, yaani jina la kujibandika.

Siku moja member mmoja akanitumia PM, ujumbe wa faragha. Nitamwita Evarist, mkulima wa Mbuba, kule Ngara. Aliuliza kama mtu anaweza kueleza jambo la ndani ya nyumba yake bila kujulikana.

Nikamjibu: "Andika tu kaka, hapa hakuna atakayekujua."

Maneno hayo ni yangu. Nayakumbuka yote.

Akaandika. Kwamba binti yake wa kwanza hakumzaa yeye. Alimuoa mama yake akiwa tayari na mimba ya mwanaume mwingine aliyemkimbia. Alijua kila kitu, akamuoa hivyo hivyo. Binti amekua anamwita baba, na hajui lolote. Sasa je, amwambie, au anyamaze mpaka kaburini?

Uzi ule ulienda kurasa na kurasa. Mwishowe akasema atasubiri binti amalize masomo. Tukamtakia heri.

Miaka ikapita. Mwaka jana mwenye jukwaa akatuandikia mods kwamba amechoka kuliendesha, ameliuza kwa kampuni moja. Ikaja email ya masharti mapya, ndefu kweli kweli. Nilikuwa na foleni ya wateja. Nikashuka mpaka chini, nikabonyeza "Nakubali".

Halafu, kwa kiherehere changu, nikabandika tangazo juu kabisa: "Ndugu wanachama, kilichobadilika ni mmiliki tu. Mengine yote yako palepale."

Nani aliniambia yako palepale? Hakuna. Nilijisikia tu kuwatuliza watu.

Kama wiki mbili baadaye, nikiwa nimekaa wiki nzima bila kuingia, nikafungua jukwaa asubuhi, nakuta sura mpya. Juu ya kila nilichowahi kuandika yamekaa majina yangu ya kuzaliwa, yote matatu. Nikafikiri ni mimi tu. Nikafungua uzi mwingine, na mwingine. Ni kila mtu. Wamechukua lile jina la usajili wakalifanya ndilo la kuonekana.

Hapo ndipo nikamkumbuka Evarist.

Uzi wake ulikuwepo. Jina kamili, la ukoo likiwemo, na chini yake ile habari ya binti.

Nikatafuta pa kufuta, hakuna. Mods wote tulishanyang'anywa uwezo. Nikapiga namba aliyowahi kunipa kwa PM, haipatikani. Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Mteja aliomba kopi nne nikamtolea kumi na nne. Nikaona hapa nitaharibu kazi za watu. Nikafunga, nikapanda gari la Ngara.

Njia nzima nilikuwa nafungua ule uzi, naangalia idadi ya waliousoma. Ilikuwa inapanda.

Kumpata haikuwa kazi. Mbuba ukimtaja mtu kwa majina yake yote unapelekwa hadi mlangoni, na hilo lilizidi kunitia hofu.

Nilimkuta mkewe uani anachambua maharage. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kiti. Evarist akaja kutoka shambani. Nilipojitambulisha kwa ID yangu akafurahi sana, maskini, kama ameona ndugu. Nikaomba tuongee pembeni. Akasema hapa ni kwake na mke wake yupo, niseme tu.

Nikasema yote.

Mikono ya mama ikatulia juu ya ungo. Akamtazama mumewe.

"Ulikuwa unaniandika?"

"Nilikuwa najiandika mimi," Evarist akasema.

"Mwenye mimba nilikuwa mimi. Ungeniuliza kwanza."

Wakuu, sijawahi kutamani kuwa kwingine kama siku ile. Nikaomba radhi. Aliendelea kuchambua, ila nilikuwa naona anatupa mazima na kuacha mabovu.

Tukajaribu kuingia kwenye akaunti ya Evarist kwa simu yangu. Ikadai code iliyotumwa kwenye laini yake ya zamani, aliyoipoteza siku nyingi. Nikawaandikia kampuni. Jibu likaja haraka: anayeweza kuomba kufuta ni mwenye akaunti, baada ya kuthibitisha kwa code.

Yaani jina lilikuwa lake vya kutosha kuanikwa, ila si lake vya kutosha kulifuta.

Evarist akataka ampigie binti saa ile ile. Tumwite Jovitha, yuko chuo cha uuguzi. Mama akakataa, akasema jambo hili si la simu, aje Jumamosi. Evarist akaniomba nami nirudi, maana mambo ya mtandao asingeweza kuyaeleza.

Siku zile nne sikufanya la maana. Nafungua uzi, nafunga, nafungua.

Jumamosi Jovitha akafika, akasalimia kila mtu kwa heshima, akaketi karibu na baba yake. Evarist akaanza kueleza habari za zamani, jinsi alivyokutana na mama yake. Akakwama. Akaanza upya, akakwama palepale.

Jovitha akamshika mkono.

"Baba, nilishasoma."

Kumbe mwenzake wa chuo, anayetoka Bukiriro, alimtumia link akimuuliza kama huyu si baba yake. Alikuwa na siku tisa anajua. Akatoa simu akatuonyesha. Alikuwa amewaandikia kampuni mara tatu akiwasihi wauondoe, na mara zote akajibiwa kama nilivyojibiwa mimi.

"Nilitaka ufutwe kabla hujajua kwamba nimejua," akasema.

Evarist akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Jovitha akamfuata. Walichoongea sikijui, na si changu kukijua. Walirudi pamoja, macho yamewaiva wote wawili. Mama akamsogezea binti kigoda.

"Kaa hapa nikusimulie mimi mwenyewe. Hayo mengine umeyasoma kwa watu."

Nikaaga.

Baadaye tuliiandikia kampuni barua. Evarist alisaini, tukaweka nakala ya kitambulisho na barua ya mtendaji kuthibitisha kwamba laini ilipotea. Jovitha ndiye aliyesoma sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, akaongeza kwamba tusipojibiwa tutapeleka malalamiko. Wakakaa kimya. Tukaandika tena. Ndipo siku moja nikafungua, uzi haupo.

Lakini screenshot zilishatembea. Evarist ananiambia kanisani kuna wanaomtazama vingine, na kuna wanaomshika mkono kwa muda mrefu kuliko zamani. Mama hajanisamehe, na simlaumu. Jovitha ananipigia mara moja moja, ananiita mama mdogo.

Nami mpaka leo, kabla sijafungua duka, natafuta kwanza jina la Evarist mtandaoni nione kama halijarudi. Halijarudi. Kesho nitatafuta tena.

Nilichojifunza ni hiki. Jukwaa likiuzwa, kinachouzwa si rangi na jina lake tu, ni pamoja na yale tuliyoandika tukiamini tuko wenyewe. Mngeniuliza leo, ningesema mwanachama aulizwe kabla, apewe muda wa kuchukua vyake na kufuta asivyotaka vihame. Na wewe unayesimamia watu, usiwaahidi kitu ambacho ufunguo wake hauko mkononi mwako. Mimi niliahidi.

Kuna aliyewahi kukutwa na jukwaa kuuzwa akiwa ndani? Ulifanyaje, na ulisikilizwa? Nanyi mods wa humu, majina yetu halisi mnayo ninyi, au yako kwa nani? Naomba mnijibu hapa hapa, wote wasome.