Ndama Niliyemwahidi Nikiwa Majini

Siku hiyo bwawani Itumbe walikuwepo wadogo zangu, Kemunto na Ombati; Mama Moraa, jirani yetu aliyekuja kuchota maji; na Bwana Kanti, mwenye duka aliyeniajiri kutunza mashua yake ndogo ya injini. Tangu wazazi wetu wafariki, wadogo zangu hawana mwingine ila mimi, ndiyo maana naona aibu kusimulia haya.

Bwana Kanti alikuwa amenionya, "Vaa jaketi la kuelea. Na kwenye matete usiende, ndege wanaatamia."

Jaketi nililikalia, maana kiti kilikuwa kigumu. Kisha, nikitaka Ombati aone ninavyokata kona, nikaingia moja kwa moja kwenye matete. Ndege wakaruka wakipiga kelele, majani yakajisokota kwenye injini, ikazima, na mashua ikapinduka. Mimi sijui kuogelea.

"Atakayeniokoa nampa ndama wangu!" nikalia, nimekumbatia matete kwa mikono miwili. "Kemunto, mtunze mdogo wako!"

Kemunto akaangua kilio. Mama Moraa akatua mtungi, akakunja leso aliyojifunga, akaja akitembea polepole hadi nilipokuwa.

"Nyakundi," akasema, "hebu simama."

Nikasimama. Maji yalinifika magotini.

Kemunto alicheka huku machozi yakimtoka. Nikamshukuru Mungu kwamba mimi ni mzima, na hata mayai ya wale ndege hayakuvunjika.

"Sasa, baba," Mama Moraa akauliza, "ni yule ndama mwekundu?"

Ndama bado ananyonya. Kila asubuhi Mama Moraa hupita kumtazama.