Mashine ya Mwalimu Iliyokataa Apdeti

Cheka kama unataka. Wengi wamecheka kabla yako, na leo hii hakuna hata mmoja wao anayekubali kukalia benchi langu. Haya ninayoyaandika niliyaona mwenyewe, mchana, nikiwa nimeshiba, sijaonja kitu chochote kikali, na macho yangu mawili yanafanya kazi vizuri kuliko kamera ya simu yako.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Shirere, huku wanafunzi wanakopanga vyumba. Elimu yangu niliipata jioni jioni, ngumbaru, ndevu zikiwa zimeshanijaa kidevuni. Dawati langu lilikuwa moja na la nyanya mwenye wajukuu kumi na wanne, na alinishinda hesabu kila muhula. Baadaye nikasomea kompyuta, jioni vilevile, na cheti changu kiko ukutani ndani ya fremu kubwa kuliko dirisha la duka. Nimefufua mashine zilizomwagiwa uji. Nimefufua moja iliyokanyagwa na ng'ombe, niamini, na mpaka sasa inachapisha barua. Kwa hiyo mtu akiniletea kompyuta iliyoshindwa kuapdeti, mimi huwa sivui hata koti.

Jumatatu moja asubuhi aliingia mama mmoja kutoka Shinyalu, kitambaa cheusi kichwani, mkoba ameubana kwapani kama mtu aliyebeba kuku wa kuibwa. Jina lake Mama Muhonja. Mumewe, mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, walikuwa wamemzika Jumamosi.

"Fundi, hii mashine ni ya Mwalimu," akasema. "Ukiiwasha inaanza kujiapdeti, inafika katikati, inakataa, inarudi nyuma, inajizima, inaanza tena. Hainipi hata dakika moja."

"Pole kwa msiba, mama. Hiyo ni kazi ndogo. Nikishindwa nafuta kila kitu, naweka mfumo mpya."

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Usifute. Ndani kuna sauti yake. Alikuwa anarekodinga nyimbo za kwaya, sauti zote nne anaimba yeye mwenyewe, hata ile ya wanawake. Sina sauti yake mahali pengine. Niwekee kwa flashi, halafu nirudishe mashine kabla ya kesho asubuhi."

Nikamuuliza kesho kuna nini. Akaangalia mlango kwanza, halafu akaniambia. Kesho ilikuwa siku ya kunyoa.

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Siku ya tatu baada ya mazishi, jamaa hukusanyika, hunyolewa nywele, na vitu vya marehemu hutandazwa mbele ya watu wote. Kila kitu kinapata mwenyewe mpya hapo, koti, jembe, redio, na watu wanasikia. Kabla ya hapo kitu chake hakitoki bomani. Mama Muhonja aliitoa kompyuta kisirisiri, kwa sababu shemeji yake alikuwa ameshatangaza kwamba ataichukua, aondoe "hizo kelele za kanisa" na aweke mpira. Zile sauti zisipotolewa leo, zimekwenda.

Nilijua mila hiyo vizuri sana. Nilinyolewa mwenyewe babu yangu alipofariki. Lakini nilifanya nini? Nilicheka. Nikamwambia, "Mama, kompyuta si koti. Hiyo mila haijui hata pa kuiwashia." Yeye hakucheka. Akaacha mkoba, akarudi Shinyalu kupikia wageni.

Nikaanza kazi. Na kweli ilikuwa kama alivyosema. Unawasha, inaandika kwamba inasakinisha masasisho, asilimia kumi, ishirini, arobaini. Ikifika sitini na mbili inasimama. Halafu inaandika kwamba imeshindwa na inarudisha mambo yalivyokuwa. Inajizima. Inajiwasha. Inaanza upya.

Najua unataka kusema nini. Si ungetoa diski tu? Diski ya mashine ile imegandishwa kwenye ubao wenyewe, haitoki bila kuvunjika. Niliingia kwa njia ya dharura, nikakuta diski imejaa mpaka pomoni, nyimbo juu ya nyimbo. Nikafuta mafaili ya muda tu, nikapata nafasi. Ikakataa. Nikafuta apdeti iliyopakuliwa nusu, nikaileta nzima kwa flashi. Ikakataa. Nikajaribu kunakili zile nyimbo kwa njia hiyohiyo ya dharura, majina nayaona, ila zenyewe zikataka ufunguo mrefu, usioulizwa mashine ikiwaka kawaida, ambao Mwalimu aliuweka na kwenda nao. Mpaka saa nane mchana nilikuwa nimejaribu kila nilichofundishwa, na vingine nilivyobuni hapohapo.

Saa tisa mvua ikaja. Unaijua mvua ya Kakamega, haiombi ruhusa. Giza likashuka mpaka nikawasha taa. Barabara ikabaki tupu, bati likapiga kelele hivi kwamba hata ungekohoa usingejisikia. Mashine ilikuwa imefika asilimia hamsini.

Hapo mlango ukasukumwa, akaingia mwanamume wa makamo, shati jeupe la mikono mirefu. Akakung'uta mwavuli mara mbili, akauegemeza ukutani.

"Mirembe, fundi. Mvua imenikamata. Ile mashine imeisha?"

Nikajiambia, huyu ndiye shemeji, ameifuata. Nikasukuma gazeti juu ya kompyuta kidogo.

"Mashine gani, mzee?"

"Basi nangoja," akasema, akaketi kwenye benchi.

Sauti yake nzuri, ya chini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Suruali ilikuwa na tope jekundu magotini. Viwikoni pia. Nikawaza, huyu ameanguka na pikipiki, maskini. Nikageuka kuangalia kioo. Sitini na mbili. Ikasimama. Ikaandika kwamba inarudisha mambo yalivyokuwa, ikajizima.

Nikageuka kumpa pole ya kuanguka. Benchi tupu. Mwavuli haupo. Mlango ninaousikia ukilia kila siku haukulia. Na sakafuni, ambapo mtu alitoka kukung'uta mwavuli, pakavu kabisa.

Nilifanya nini? Nilifanya kile ambacho wewe pia ungefanya. Nilijiambia nimechoka. Nikanywa maji. Mashine ikajiwasha, ikaanza kuhesabu. Ilipofika hamsini, mlango ukasukumwa.

Mwanamume, shati jeupe. Akakung'uta mwavuli mara mbili. Akauegemeza ukutani, palepale.

"Mirembe, fundi. Mvua imenikamata. Ile mashine imeisha?"

Si kwamba alikuwa ananitania. Mtu anayetania ana kitu fulani machoni. Huyu alikuwa anaingia kwa mara ya kwanza. Maneno yaleyale, pumzi ileile kabla ya kusema "ile". Mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Mashine gani, mzee?" Akasema basi nangoja, akaketi. Safari hii sikugeuza kichwa. Nilimkazia macho kama paka, nikasikia tu kompyuta nyuma yangu ikizima feni yake. Na mbele ya macho yangu haya, yule mtu hakuinuka, hakutembea. Alikuwepo, halafu benchi likawa halijawahi kukaliwa.

Nilitaka kukimbia, lakini njia ya mlangoni inapita kando ya benchi lile. Kitu pekee nilichoweza kufikiri ni kuimaliza hiyo mashine kabisa. Nikavuta kiti. Ilipojiwasha nikabonyeza vitufe vya kuikatiza, nikafika kwenye ukurasa ule wa mwisho, ule ambao fundi huwa anamwonyesha mteja kwanza. Futa kila kitu. Mjane wa watu alinisihi nisifute, lakini wakati ule ningefuta hata jina langu mwenyewe. Kidole kikawa juu ya kitufe.

Mlango ukasukumwa. Mwavuli, mara ya kwanza, mara ya pili. Kabla hajafungua mdomo, mimi nikayasema maneno yake, sijui kwa nini.

"Mirembe, fundi. Mvua imenikamata. Ile mashine imeisha?"

Akaniangalia, halafu akaangalia benchi, halafu mwavuli wake.

"Kwani nimeshaingia hapa?"

Niamini, hakuna swali lililonitisha maishani kama hilo. Kwa sababu na yeye aliogopa. Niliona.

"Mara mbili," nikasema.

Akakaa taratibu, akaweka mikono magotini juu ya lile tope. "Natoka nyumbani, natembea, natembea. Nikifika hapa narudishwa nyuma. Naanza tena kutembea." Akafikiri kidogo, kama mwalimu anayetafuta kosa kwenye daftari. "Fundi, kwetu wanajua kwamba hiyo kitu iko hapa?"

"Hapana," nikasema. "Hawajui, Mwalimu."

Sikupanga kumwita Mwalimu. Lilitoka tu. Naye akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesomewa majina ya darasa na kusikia lake.

"Basi mwaniweka barabarani," akasema.

Nikaifunga kompyuta kwa nguvu, nikachomoa waya, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni. Nilipoinua kichwa, sikuangalia benchi. Nilipita nimefumba jicho la upande huo, nikaacha duka wazi, cheti na yote, nikakimbia mvuani mpaka stendi ya bodaboda.

Dereva akaniambia, "Mkubwa, mbona huna viatu?" Kweli, sikuwa navyo. Mpaka leo sijui nilivivua saa ngapi.

Nilifika Shinyalu jua likizama. Jamaa walikuwa wamejaa uani, masufuria yanafuka. Mbele ya nyumba, juu ya meza, kulikuwa na picha ya marehemu kwenye fremu yenye utepe mweusi. Sikuhitaji kuikaribia. Shati jeupe, mikono mirefu.

Mama Muhonja aliponiona na mfuko, alifumba mdomo kwa kiganja. Dada mkubwa wa marehemu, ambaye wote walimwita Senge, akaja moja kwa moja. Mwanamke mfupi, mpana, sauti ya kukusanyia ng'ombe.

"Wewe kijana ni wa nani, na kwa nini unatetemekea hapa kwetu?"

Nikaeleza. Nilieleza yote, mbele ya watu, sikuongeza hata nukta, na wanaonijua wanajua hiyo ni ajabu nyingine peke yake. Hakuna aliyecheka. Senge akamgeukia wifi yake.

"Uliitoa?"

"Niliitoa," Mama Muhonja akasema, machozi yanamshuka. "Niliogopa watafuta sauti yake, Senge."

Shemeji akasimama. "Si nilisema hiyo ni yangu? Mwanamke anatoa vitu nyumbani kama mwizi, halafu..."

"Kaa chini," Senge akasema. "Kesho."

Nililala pale, jikoni, katikati ya wapishi, na taa nikawaomba wasizime. Asubuhi tukanyolewa. Ndiyo, hata mimi. Senge alisema mkono wangu umeshagusa kitu chake. Vitu vikatandazwa kwenye mkeka, kompyuta katikati yake, na Senge akavitaja kimoja kimoja kwa jina la marehemu, kama anamsomea. Koti likaenda kwa mpwa. Redio ikaenda kwa jirani waliyechunga naye ng'ombe utotoni. Ilipofika kompyuta, shemeji akanyoosha mkono.

"Ngoja," Senge akasema. "Wewe kwenye kwaya ya ndugu yako ulikuwa unaimba sauti gani?"

"Mimi? Mimi siimbangi."

"Hujawahi hata kuitikia amina," mzee mmoja akadakia, na uani pote watu wakacheka, hata shemeji akatabasamu kwa shida.

"Basi chukua baiskeli. Hii ina nyimbo, na mtu wa nyimbo ni huyu." Akaiinua kwa mikono miwili, akamkabidhi Mama Muhonja, akasema kwa sauti kubwa, akiangalia upande wa kaburi, "Tumempa mke wako. Tumeona sote."

Wakaniomba niiwashe. Nikaiwasha barazani, umeme wa kuunganisha kwa waya mrefu, watu wamenizunguka na vichwa vyao vipya vinang'aa. Arobaini. Hamsini. Sitini na mbili. Ikasimama. Halafu sitini na tatu. Ikaenda hivyo mpaka mia, bila kuguswa. Sikuwa nimerekebisha chochote tangu jana. Mafundi wenzangu wataniambia ni ile nafasi niliyoisafisha kwenye diski, ilikawia tu. Sawa. Waje wakae kwenye benchi.

Nikanakili nyimbo zote kwenye flashi mbili, nikahesabu majina ya mafaili, hakuna lililopotea. Mama Muhonja akataka kucheza wimbo mmoja nisikie kazi ya mikono yangu. Nilikuwa nimeshapanda pikipiki kabla hajaupata.

Tangu siku ile duka nafunga mvua ikianza, hata wateja wawe wanne. Na wewe fundi mwenzangu, ukiletewa mashine inayokataa kwenda mbele na kukataa kurudi, kabla hujashika bisibisi uliza ni ya nani, na kama amefariki, uliza kama nyumbani kwake wanajua iko wapi. Usilichukulie kuwa swali la ushamba. Usimweke mtu wa watu barabarani.

Mama Muhonja hunipigia simu kila baada ya muda. Ananiambia zile sauti nne ziko salama, anazisikiliza jioni akichambua maharagwe, niende siku moja tukae tusikilize pamoja. Kila mara namwambia nitaenda. Ni mama mwema, nimemfanyia kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sijaisikia, wala sitaisikia. Sauti ile naijua. Naogopa kwamba nikiketi pale, katikati ya wimbo, itanyamaza kidogo, halafu inisalimie.